Shokapu za mbele za CG125 ya zamani zinazama na kugonga: nianze wapi kwa fedha kidogo?

*Swali: Nina Honda CG125 ya mwaka 1982 niliyoachiwa na baba mkubwa. Injini ni nzima kabisa, tatizo ni mbele. Nikishika breki pua inazama mpaka chini na kusikika "ko". Shokapu ya kulia inavuja. Fundi mmoja amesema nijaze oili namba 40 ya injini, zitakuwa ngumu. Mwingine anasema nitupe zote, nifunge shokapu nene za pikipiki ya Kichina pamoja na diski yake. Nina kilo 84, mke wangu hupanda nyuma siku za soko, na njia yetu nusu ni lami yenye rasta, nusu ni vumbi na makorongo. Fedha si nyingi. Nifanye lipi?*

Pole kwa usumbufu, na hongera kwa kuitunza pikipiki ya baba mkubwa mpaka leo. Maelezo yako yana matatizo matatu yaliyofungwa kamba moja: kuvuja, kuzama na kugonga. Kila moja lina chanzo chake, na mafundi wako wawili wamejaribu kuyamaliza yote kwa dawa moja. Ushauri wangu ni kwamba usinunue shokapu nyingine kwa sasa. Ulizonazo, zikifunguliwa, zikasafishwa, zikawekewa sili mpya, mafuta sahihi na springi iliyopimwa, zitakupa sehemu kubwa ya unachokitafuta. Kubadilisha mbele nzima ni hatua ya mwisho, na nitakueleza ni wakati gani inakuwa halali.

Jambo la kukutia moyo ni kwamba CG125 si yatima. Ilitoka mwaka 1976, Wachina wameinakili kwa miaka mingi, na Pakistan bado wanaiunda hadi leo. Kwa hiyo mirija, sili na springi zake, au zinazofanana nazo sana, bado zinapatikana kwenye maduka ya spea. Chukua vipimo vyako mkononi, usiende na jina la pikipiki peke yake. Sili, kwa mfano, huandikwa namba tatu kama 31×43×10.3: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Mrija wako upime kwa vernia, kile kipimo chenye taya cha kupimia unene, maana katika miaka mingi hivyo ya uzalishaji mirija haikubaki ya unene mmoja.

Tuanze na ule mlio, kwa sababu huenda hautoki kwenye shokapu kabisa. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, weka tofali au gogo chini ya injini mpaka tairi la mbele lining'inie. Shika miguu miwili ya chini ya shokapu karibu na ekseli, uvute na kusukuma mbele na nyuma, huku mwenzako ameweka kidole pale kibano cha chini, kile kinachoshika mirija yote miwili, kinapokutana na shingo ya fremu. Akihisi mchezo hapo, ni goroli za usukani zimelegea. Kisha zungusha usukani polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Kama unakwama kidogo ukifika katikati, kana kwamba umeingia kwenye kishimo, vikombe vya goroli vimeshapata alama na kukaza nati hakutasaidia. Badilisha goroli na vikombe vyake, paka grisi ya kutosha. Pikipiki nyingi zenye kilio cha shokapu mbovu hupona nusu yake hapo.

Ikiwa usukani ni mzima, mchezo unaobaki ni kati ya mrija wa kromu na mguu wa chini. Shokapu nyingi ndogo za enzi hizo hazina bushi za kubadilisha. Chuma kinateleza moja kwa moja ndani ya aluminiamu, na aluminiamu ndiyo inayolika. Mchezo mdogo ukiwa shokapu imenyooka yote ni wa kawaida. Ukiuona kwa macho, yaani tairi linakwenda mbele na nyuma wakati usukani umetulia, sili mpya itavuja tena baada ya wiki chache, kwa sababu mrija unaisukuma pembeni kila unaposhika breki. Miguu ya namna hiyo inabadilishwa. Mkerezaji mzuri anaweza kuipanua na kuiwekea bushi, ila mara nyingi gharama yake inazidi jozi nzuri ya mtumba.

Sasa kuvuja. Kabla ya kununua chochote, inua raba ya vumbi, futa pale mdomo wa sili unapokutana na mrija, kisha pitisha ukanda mwembamba wa plastiki laini, kama ule wa jalada la daftari, chini ya mdomo wa sili na uuzungushe mrija mzima. Mara nyingi utatoka na mchanga mwembamba mweusi. Chembe moja ya mchanga inatosha kuinua mdomo na kuachia mafuta. Ikiacha kuvuja baada ya hapo, umeokoa fedha ya sili.

Ikiendelea, kagua kromu. Chukua pamba kavu uipitishe juu na chini kwenye mrija, hasa eneo la kiasi cha kiganja juu ya sili, ambako ndiko shokapu inafanyia kazi. Nyuzi za pamba zitanasa kwenye kila kitobo cha kutu ambacho jicho halikioni. Kitobo kimoja au viwili vidogo unaweza kuvisafisha, ukavijaza gundi ngumu ya sehemu mbili, ikikauka ukaisawazisha kwa msasa wa maji namba 1000 halafu 2000 mpaka ukucha upite bila kukwama. Kutu iliyotapakaa haijazwi. Mrija huo ni wa kubadilisha. Kuuchovya kromu upya kunawezekana, ila iwe kromu ngumu ya viwandani inayosagwa kwa kipimo, si ile ya kung'arisha bampa. Ile ya urembo humenyuka na kukata sili.

Na neno moja la tahadhari kuhusu mafuta yanayotiririka: yakifika kwenye shuu za breki, usizioshe kwa petroli na kuzirudisha. Shuu zikishanyonya mafuta hazirudi hali yake. Nunua mpya, ukwangue ngoma kwa msasa.

Nije kwenye kuzama, ambako ndiko dhana potofu zimejaa. Watu wengi husema springi ya zamani "imelegea". Kwa kweli chuma cha springi hakipotezi ukakamavu wake kwa kuzeeka. Ukakamavu unatokana na unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko, na vitu hivyo havibadiliki. Kinachotokea ni springi kufupika. Ikishafupika, inaanza kubeba mzigo ikiwa imechelewa, na pikipiki inakaa chini kuliko ilivyokusudiwa. Ndiyo maana kipande cha kujazia juu ya springi kinasaidia: kinairudishia urefu iliopoteza. Hakiifanyi kuwa ngumu. Kinainua pua tu, lakini pua iliyoinuka ina nafasi zaidi ya kushuka kabla ya kugonga.

Kupima ni kazi ya dakika kumi. Funga kamba ya plastiki ya kukaza kwenye mrija, karibu na raba ya vumbi. Kwanza inua tairi la mbele hewani na upime urefu wa mrija unaoonekana. Huo ndio urefu kamili. Kisha kaa juu ya pikipiki na nguo zako za safari, mwenzako aishike isianguke. Abonyeze mbele, aache ipande yenyewe taratibu, apime. Halafu ainyanyue kidogo, aache ishuke yenyewe, apime tena. Chukua wastani wa vipimo hivyo viwili, toa kwenye urefu kamili: umepata mzamo wako. Kwa njia kama yako, mzamo mzuri ni robo hadi theluthi ya mwendo wote wa shokapu. Kama mwendo ni mm 115, lenga mm 29 hadi 38. Tofauti kati ya kipimo cha kushuka na cha kupanda pia inakueleza kitu: ikifika mm 15 au zaidi, shokapu inasuguana mahali fulani, na hakuna mafuta wala springi itakayoiponya mpaka usuguano huo uondoke.

Springi nayo ipime. Ukakamavu kwa kilo kwa kila milimita unapatikana hivi: 1,000 mara unene wa waya uliozidishwa wenyewe mara nne, gawanya kwa upana wa duara uliozidishwa wenyewe mara tatu, gawanya tena kwa idadi ya mizunguko. Upana wa duara ni kipenyo cha nje kutoa unene wa waya mmoja, na mizunguko miwili ya mwisho iliyolala usiihesabu. Tuseme waya ni mm 4, kipenyo cha nje mm 24, mizunguko 60. Upana ni 20. Hesabu inatoa kilo 0.53 kwa milimita. Springi mbili ni 1.07. Angalia unene wa waya unavyotawala: kutoka mm 3.8 kwenda mm 4.0 tu, macho hayaoni tofauti, lakini ukakamavu unaongezeka karibu asilimia 23. Kwa hiyo springi ya pikipiki nyingine inayoingia kwenye mrija wako bila kukwaruza inaweza kuwa dawa au sumu, na ni vernia pekee itakayokuambia.

Tuendelee na mfano huo huo, kwa sababu hapa ndipo unaona fedha yako inapaswa kwenda wapi. Chukua kwamba mbele inabeba kilo 65 ukiwa umekaa, na springi imebanwa mm 20 wakati wa kufunga. Zile mm 20 zinabeba karibu kilo 21 kabla pikipiki haijashuka hata kidogo. Kilo 44 zinazobaki zinaizamisha mm 41. Ukifunga breki kwa nguvu, uzito wa kama kilo 45 unahamia mbele na kuongeza mm 42. Umeshafika 83 kati ya 115. Zimebaki mm 32 za kumeza korongo, na korongo la kwetu halitosheki na mm 32. Huo ndio mlio wako wa "ko".

Ongeza kipande cha bomba cha kujazia cha mm 6 tu. Mzamo unashuka hadi 35, breki inakufikisha 77, unabakiwa na 38. Ukipunguza springi badala yake, tuseme umekata mizunguko 6 zikabaki 54, ukakamavu unapanda hadi 0.59 kwa sababu kila mzunguko uliobaki unabeba kazi kubwa zaidi. Ukiibana mm 20 zile zile, mzamo ni 35 na breki inakufikisha 73. Unabakiwa na 42. Kwa hiyo kipande cha bomba kisicho na bei kimekupa zaidi ya nusu ya faida ya kukata springi. Ndiyo sababu nasema anza na bomba. Springi ikishakatwa hairudi.

Kukata kuna mtego mwingine ambao wengi hawauoni mpaka shokapu inapopasuka. Springi ya mfano wetu yenye urefu wa mm 400 ina mizunguko 60 ya mm 4. Ikibanwa yote ikagusana inakuwa mm 240, yaani inaweza kusafiri 160. Shokapu inahitaji 115 za mwendo na 20 za kubanwa, jumla 135. Salama. Ukikata ibaki mizunguko 54, urefu ni 360, ikigusana ni 216, safari ni 144. Bado inatosha, ingawa kwa shida. Ukipata tamaa ukakata ibaki 50, urefu ni 333, ikigusana 200, safari 133. Hapo springi inakuwa gogo la chuma kabla shokapu haijamaliza mwendo, na pigo lote linaingia kwenye vibano na shingo ya fremu. Fanya hesabu hiyo kwa springi yako kabla ya kushika grainda. Kata kwa diski nyembamba, polepole, ukiipoza kwa maji. Usitumie moto wa gesi, maana springi iliyopashwa ikawa nyekundu hupoteza uchangamfu wake pale pale. Sawazisha ncha, osha vumbi lote la chuma, na upande uliokatwa ukae juu, ukutane na washa ya chuma, kisha kijazio.

Kijazio chenyewe kiwe bomba la plastiki nene la maji ya presha, au bora zaidi bomba la aluminiamu, linaloingia kwenye mrija bila kubana. Ncha zote mbili zikatwe mraba, na washa ya chuma ikae kati ya bomba na springi ili waya usijichimbie ndani ya plastiki. Urefu wa kushoto na kulia uwe sawa kabisa. Wapo wanaopanga sarafu juu ya springi. Sarafu hupinda, huteleza na kusaga vumbi la chuma ndani ya mafuta, kwa hiyo ziache mfukoni.

Turudi kwa fundi wa oili namba 40. Ana nia njema, lakini amechanganya kazi mbili. Springi ndiyo inayobeba uzito. Mafuta yanazuia mwendo tu. Pikipiki ikiwa imesimama, mafuta hayabebi hata kilo moja. Ndani ya kila shokapu yako kuna fimbo yenye matundu, na mafuta yanasukumwa kupita humo. Ukishuka polepole, kama unapofunga breki taratibu, yanapita bila kuhisi kitu. Kasi ikiongezeka mara mbili, upinzani unaongezeka kama mara nne. Kasi mara tatu, mara tisa. Hiyo ndiyo tabia ya tundu. Kwa hiyo mafuta mazito hayazuii sana pua kuzama wakati wa breki, lakini ukipita kwenye rasta kwa mwendo wa kilomita 60 shokapu inakuwa kama fimbo ya chuma, na mikono yako ndiyo inayolipa. Zaidi ya hapo, zikishuka hazipandi kwa wakati: rasta ya pili inazikuta bado ziko chini, ya tatu chini zaidi.

Oili 40 kwa joto la nyuzi 40 ni nzito takriban mara nne ya mafuta ya shokapu ya 10W. Asubuhi ya baridi ya Njombe tofauti hiyo inakuwa kubwa zaidi. Ukikosa mafuta maalumu ya shokapu, tumia mafuta ya haidroliki namba 32, ambayo namba yake ndiyo uzito wake kwa joto hilo, au ATF, yale mekundu ya giaboksi otomatiki, ambayo yako karibu na hapo. Yote mawili hayadhuru sili za kawaida na yanapatikana kwa lita moja, nawe hutahitaji hata nusu yake. Kisha jaribu: bonyeza usukani chini kwa nguvu na uachie. Ikipanda na kutulia mara moja, iache. Ikipanda, ikashuka na kupanda tena, changanya na haidroliki namba 46 nusu kwa nusu. Nenda hatua kwa hatua, na pande zote mbili ziwe na mchanganyiko mmoja. Mafuta ya breki usiyatie kabisa.

Kiasi cha mafuta ni muhimu kuliko uzito wake, na hapa mafundi wengi wanakosea kwa kumimina kwa makadirio. Juu ya mafuta kuna hewa, na hewa hiyo ikibanwa inakuwa springi ya pili inayoamka karibu na mwisho wa mwendo, pale hasa unapoihitaji. Pima kina kutoka mdomo wa juu wa mrija hadi uso wa mafuta, springi ikiwa nje na shokapu imebonyezwa mpaka chini. Kitabu cha pikipiki yako kikitaja kiasi, kifuate. Kama huna, anza na mm 150. Chombo cha kupimia ni bomba la sindano lenye mpira mwembamba uliofungwa alama ya mm 150: jaza mafuta kupita kiasi, shusha mpira mpaka alama, nyonya mpaka hewa itoke. Kabla ya kupima, pandisha na shusha mrija mara kumi kutoa hewa iliyonaswa. Bado ikigonga baada ya safari ya majaribio, pandisha mafuta mm 10, siyo zaidi kwa mara moja. Ukizidisha, presha itasukuma sili nje, au shokapu haitafika mwisho wa mwendo wake hata siku moja.

Namna ya kufungua, nitaisema kwa haraka kwa sehemu rahisi na taratibu kwenye hatari. Legeza kifuniko cha juu wakati mrija bado umeshikwa na kibano cha chini. Ukishautoa nje ni vigumu kuushika bila kuukwaruza. Kifuniko kina springi chini yake: tairi liwe hewani, ubonyeze huku ukifungua, uso usiwe juu yake. Bolti ya alenki iliyoko chini ya mguu mara nyingi huzunguka pamoja na fimbo ya ndani. Iache springi ndani, mwenzako abonyeze shokapu kwa nguvu, fimbo itashikwa. Ikikataa, chonga ncha ya mpini wa fagio, ishushe ndani ya mrija na ubane fimbo kwa juu. Wakati wa kurudisha weka washa mpya ya shaba na gundi ya nyuzi, kaza hadi karibu Nm 20. Washa ya zamani ndiyo inayoleta uvujaji wa chini ambao watu huusingizia sili.

Sili ya zamani hutoka kwa urahisi ukitoa kwanza pete ya kufungia, kisha ukamwagia mguu maji yanayochemka. Aluminiamu inapanuka kuliko chuma. Nyanyua kwa mpini wa kijiko kizito, weka kipande cha mbao pale unapoegemea ili usichubue mdomo wa mguu. Sili mpya iingie upande wenye kispringi chembamba ukitazama chini kwenye mafuta. Funika ncha ya mrija kwa mfuko wa plastiki uliopakwa mafuta kabla ya kuupitisha, maana ukingo wa mrija unakata mdomo wa sili bila wewe kujua. Ishindilie kwa kipande cha bomba la plastiki la ukubwa wake, sili ya zamani ikiwa juu kama kinga.

Mrija uukague ukiwa nje. Uviringishe juu ya kioo kilichonyooka: mwanga ukipenya katikati na kuzimika kila unapozunguka, umepinda. Kikomo cha Honda kwa mirija ya namna hii kwa kawaida ni mm 0.20 za mpindo halisi. Ukipima kwa saa ya kupimia juu ya viegemeo viwili, saa inaonyesha mara mbili ya mpindo, kwa hiyo gawanya. Mrija wenye mkunjo unaoonekana kwa jicho haunyooshwi. Ukinyooshwa utakuwa umechoka pale pale ulipokunjika, na ndipo utakapovunjika.

Wakati wa kufunga kuna kosa dogo linaloharibu kazi yote: watu hukaza kila kitu pikipiki ikiwa hewani. Kaza nati ya ekseli, kisha shusha pikipiki, ishike breki ya mbele na uibonyeze mara sita au saba ili miguu ijipange yenyewe, ndipo umalize kukaza vibano, mpangilio wa ekseli na madigadi. Miguu isiyo sambamba husuguana, na ile tofauti ya mm 15 niliyoitaja inarudi. Madigadi ya chuma ya asili iache mahali pake. Ile tao lake linaishika miguu miwili isipindane. Ya plastiki nyembamba haifanyi kazi hiyo.

Sasa shauri la fundi wa pili. Kufunga mbele nzima ya pikipiki ya Kichina iliyotokana na CG kunawezekana, na kuna hali mbili ambapo ningeikubali: miguu na mirija yako yote imekwisha, au unataka diski kwa dhati kwa sababu ya mzigo na milima. Lakini gharama si shokapu peke yake. Kuna vibano, tairi na habu, ekseli, pampu ya breki na mpira wake, kebo ya spidomita, vishikio vya taa. Na kuna jiometri. Chukua tairi lenye nusu kipenyo cha mm 300 na shingo iliyolala nyuzi 26. Vibano vinavyoitoa shokapu mm 45 mbele ya shingo vinaipa pikipiki mkokoto wa mm 96, yaani umbali ambao tairi linakanyaga nyuma ya mstari wa shingo. Vibano vya mm 60 vinaushusha hadi karibu 80. Shokapu fupi kwa mm 20 nazo zinasimamisha shingo kwa karibu nyuzi 1 na kula mm 6 nyingine. Mkokoto ukipungua hivyo usukani unakuwa mwepesi sokoni, halafu unaanza kutikisika kwa kasi. Shokapu nene haziondoi tatizo hilo. Pima urefu na mtoko wa vibano vyote viwili kabla ya kulipa.

Kama shingo ya vibano vipya haiingii kwenye fremu yako, kazi ni ya mkerezaji mwenye mashine ya kushindilia: atoe shingo ya vibano hivyo na kuingiza yako kwa kipimo cha kubana. Shingo isiungwe kwa welding, hata na fundi unayemwamini. Ikikatika, unapoteza tairi la mbele ukiwa safarini.

Mpelekee fundi ana kwa ana, usijaribu nyumbani, ukikuta ufa kwenye kibano au shingo ya fremu, ikiwa pikipiki iliwahi kugonga kitu, ikiwa miguu miwili haiko sambamba hata baada ya kulegeza kila kitu, au ikiwa usukani unatikisika ukiachia mkono. Na siku za soko, mke wako akiwa nyuma, uzito wake karibu wote unaangukia shokapu za nyuma. Zikiwa zimechoka, nyuma inakaa chini, pua inanyanyuka na usukani unakuwa mzito na wa kuchelewa, hata kama mbele umeitengeneza vizuri. Zikague kabla hujaongeza kijazio kingine mbele.

Baada ya kufunga, tembea kilomita 50 ukianza na mwendo mdogo, kamba ya plastiki ikiwa bado kwenye mrija. Ukirudi iangalie imesukumwa hadi wapi. Ikibaki mm 10 kutoka mwisho baada ya korongo baya kabisa la njia yako, umepatia. Kaza upya bolti za vibano, na mafuta ya kwanza yamwage baada ya kilomita 1,000, maana yatabeba uchafu wote uliogoma kutoka kwenye kusafisha. Baada ya hapo badilisha kila kilomita 10,000 au mara moja kwa mwaka.